Kipande cha Mama Suuza

Mke wangu alishuka ngazi kinyumenyume kwa miaka tisa.

Maabara aliyofanyia kazi iko ghorofa ya tatu na lifti haipo. Kupanda aliweza, kwa kujivuta na kupumzika. Kushuka ndiko kulikomshinda, magoti yalimwaka moto. Siku moja akagundua kwamba akigeuka, akashika chuma cha ngazi kwa mikono miwili na kutanguliza vidole vya mguu, maumivu yanapungua. Basi akawa anashuka hivyo. Watu wa jengo lile waliujua mgongo wake kuliko sura.

"Shikamoo, Mama Suuza," wanamwamkia kutoka chini.

"Marahaba. Ngoja, usiniambie wewe ni nani. Kiatu kinalia upande mmoja. Fundi umeme!"

Hakukosea mara nyingi.

Binti yetu ameniambia niandike habari za mama yake kabla sijazisahau. Sitazisahau, lakini naandika. Shule sikwenda. Mke wangu naye hakwenda. Wasichana wa maabara walimfundisha kuandika lebo za chupa, naye akaja kunifundisha mimi mezani. Kwa hiyo hata herufi hizi ni zake.

Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo. Chupa, visahani, mirija. Maabara yenyewe wanaotesha gegedu. Gegedu umeiona ukila kuku, ile nyeupe inayoteleza mwisho wa mfupa. Kwenye goti inakaa kati ya mfupa na mfupa kama godoro. Mfupa ukivunjika unaunga. Ngozi ikichanika inafunga. Gegedu ikilika, basi, kwa sababu damu haifiki humo. Wale watu walikuwa wanatafuta njia ya kuiotesha nje, kwenye kisahani, ili siku moja irudishwe ndani ya goti la mtu.

Jina la Mama Suuza alilipata wiki ya tatu tangu aanze. Aliona vyombo vinanuka dawa. Akaona aibu, vyombo vimepita mikononi mwake halafu vinanuka. Kesho yake akaenda na sabuni ya nyumbani, ile ya harufu ya waridi, akaviosha upya kimoja kimoja. Alirudi nyumbani siku hiyo anaimba.

Seli zote zikafa. Kazi ya watu wanne, miezi miwili. Sabuni haikuonekana kwa macho lakini ilibaki kwenye kioo, na seli hazitaki mchezo.

Alijua atafukuzwa. Mkuu wa maabara, mama mmoja mfupi mwenye sauti kavu, akamwita.

"Nani alikwambia vinukie?"

"Hakuna. Nilitaka vipendeze."

"Hatutaki vipendeze, mama. Hatutaki vinukie vizuri wala vibaya. Tunataka visiwe na kitu. Suuza. Ukidhani umemaliza, suuza tena."

Kuanzia hapo akasuuza mara saba, ya mwisho kwa maji yaliyochujwa. Nyumbani pia. Vijiko mara saba, sufuria mara saba. Nilikuwa nalalamika kuhusu maji.

"Kunywa chai yako," ananiambia. "Hiyo ni chai tupu. Hamna mtu mwingine humo ndani."

Mimi ni fundi magodoro. Nakata sponji, nashona foronya. Kwa hiyo yeye aliniita Sponji, na si kwa ajili ya kazi peke yake.

"Wewe Sponji, kila nikikwambia unafyonza tu. Toa basi hata tone."

Mimi nafyonza. Ndivyo nilivyoumbwa.

Jioni moja alikuja na kitu ndani ya karatasi. Kilikuwa kipande cheupe, kikubwa kama kifungo cha shati, kimejaa vitundu. Walikuwa wamekitupa, naye alidhani ni kwa sababu kilichanika pembeni.

"Kinaitwa kiunzi," akasema. "Seli zinapandwa humu. Zinajishika kwenye vitundu, zinakua, zinajijengea gegedu yao. Kiunzi chenyewe kinayeyuka kidogo kidogo. Mwisho kinabaki walichojenga wao."

Nilikishika. Nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikakidondoshea tone la maji juu, nikaangalia kama linatokea chini. Halikutokea.

"Vitundu vya hiki havisemezani," nikasema. "Kila kimoja kimejifungia. Sponji ya hivi mtu akiilalia anatoka jasho. Na hawa watoto wenu huko ndani watapataje chakula?"

Alifurahi sana. Kesho yake alipanda ngazi bila kupumzika ili akawaambie. Jioni akarudi anacheka mpaka machozi.

"Wamesema mume wangu ana akili sana. Amechelewa miaka thelathini tu. Ndiyo maana kile kilitupwa!"

Alinitania kwa hilo mwaka mzima. Mgeni akija anaambiwa, "Huyu hapa ni mtafiti, msimwone hivi."

*

Baadaye wakataka kujaribu kiunzi kipya, kwa seli za watu wazima sana. Seli za vijana zinakua zenyewe. Za wazee huwa zinachoka. Zinajaa kwenye ukingo wa kiunzi na kuishia hapo, katikati panabaki patupu. Walitafuta watu waliopita miaka sitini wa kuwachota uboho kwenye mfupa wa nyonga. Mke wangu alikuwa na sitini na sita. Alijitolea kabla hawajamaliza kueleza.

Aliyemhudumia alikuwa mtafiti mmoja msichana ambaye mke wangu alimwita Miwani, kwa sababu miwani yake alikuwa nayo kichwani saa zote na saa zote anaitafuta. Walipendana hao. Miwani alikuja nyumbani kutueleza vizuri. Nilikuwepo, nakata kitambaa.

"Ndani ya uboho kuna seli ambazo hazijaamua zitakuwa nini," akasema. "Tunaziita seli shina. Ukizilisha hivi zinakuwa mfupa. Ukizilisha vile zinakuwa mafuta. Sisi tunajua chakula cha kuzifanya ziwe gegedu."

"Kumbe ndani yangu wamo watoto ambao hawajachagua kazi," mke wangu akasema. "Umri huu!"

"Lakini mama, nisikudanganye. Haitarudi kwenye goti lako. Hii ni ya kujifunza. Ikikomaa tutaikata tuitazame ndani."

"Najua. Mimi nimeosha vyombo vya magoti ya wengine miaka ishirini na mbili. Sasa nioshe vya kwangu."

Kwenye fomu palikuwa na nafasi tupu kwa mtu mwenye neno la kuongeza. Akaandika kwa mkono wake, polepole, ulimi umetoka pembeni kama kawaida yake. Kabla ya kukata niambiwe. Nisipokuwepo aambiwe mume wangu, akubali kwanza.

"Utakwenda wapi usiwepo?" nikamwuliza.

"Likizo. Si una mpango wa kunipeleka mahali?"

Sikuwa nao. Nilifyonza.

Walimchota uboho. Alichechemea siku tatu. Wakazilea seli zake wiki kadhaa mpaka zikawa nyingi, halafu wakazipanda kwenye kiunzi na kuweka kisahani ndani ya kabati la joto. Yeye hakuruhusiwa kukigusa, lakini lebo ya kifuniko waliacha aandike mwenyewe. Na kila asubuhi akifika, kabla ya kuvaa glavu zake, anakwenda kwenye lile kabati.

"Umeamkaje, mimi?" anakiambia.

Miwani ndiye aliyenisimulia hilo. Mwenyewe hakunitajia. Labda alijua nitacheka.

Wiki ya tatu ya kile kipande, mke wangu akafa. Moyo. Alikuwa amekaa kwenye stuli yake mbele ya sinki ya nyumbani, anasuuza kikombe changu. Mimi nilikuwa chumba cha pili nashona. Nilikuwa nahesabu bila kujua kwamba nahesabu, kwa sauti ya maji. Alifika mara ya tano. Nikangoja ya sita.

Baada ya watu kumchukua, kikombe nilikimalizia mimi.

*

Godoro letu nilishona mwenyewe. Sponji niliichagua kiwandani, nzito, ya daraja la kwanza. Upande wake wa kitanda kuna bonde, mahali alipolala. Siku ya pili baada ya mazishi nililaza ubao wangu wa kupimia juu ya godoro, kutoka ukingo hadi ukingo, nikaingiza vidole chini yake. Vidole vitatu.

Wiki iliyofuata, viwili na nusu.

Sponji nzuri hurudi. Ukiitolea mzigo inajiinua, pole pole, mpaka inasahau. Nimewasifia wateja jambo hilo maisha yangu yote. Laiti ningechukua ile mbaya.

Binti yetu alikuja kukaa nami. Alifua mapazia, akapanga kabati. Akafika chumbani.

"Baba, tuligeuze hili godoro."

"Liache."

"Si wewe unayewaambia wateja waligeuze kila miezi mitatu?"

"Wateja."

Akaniangalia, akatoka. Nikasikia anapiga sufuria jikoni kuliko ilivyohitajika.

Halafu siku ya ishirini baada ya mazishi simu ikalia. Tulikuwa tumemaliza kula mchana.

"Shikamoo, baba. Ni mimi, Miwani."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, samahani sana. Nimesita wiki nzima kukupigia. Ni ile fomu ya mama. Kipande kimefika siku ya arobaini na mbili, ndiyo siku ya kukata. Aliandika lazima wewe ukubali."

Sikuelewa mara moja.

"Kipo?" nikauliza.

"Kipo."

"Kizima?"

"Kizima, baba. Tumekilisha leo asubuhi."

Nikakaa. Kiti hakikuwepo, nikakaa sakafuni, binti akaja mbio. Mimi nilijua tumezika kila kitu.

*

Nilikwenda kesho yake. Ghorofa tatu. Nilivishwa koti jeupe na vifuko vya viatu, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Miwani akanipeleka kwenye kabati. Ni kabati la chuma, saizi ya friji ndogo, lina mlango wa chuma na nyuma yake mlango wa kioo. Akafungua ule wa chuma.

Ndani kulikuwa na visahani vingi. Nilikijua kile chake kabla hajanionyesha, kwa lebo. Ilikuwa namba tu, lakini tarakimu ya saba ilikuwa na mkia mrefu unaopinda. Saba zake zote zilikuwa hivyo. Nilimcheka sana kwa mkia huo.

Ndani ya kisahani kulikuwa na maji ya rangi ya waridi, na ndani ya maji, kifungo cheupe kinachong'aa kidogo. Hakuna kingine. Mtu asiyejua angesema kifungo kimedondoka kwenye sharubati.

"Kuna joto gani humo?"

"Nyuzi thelathini na saba, baba. Joto la mwili."

Nikaweka kiganja kwenye kioo. Ni kweli. Lilikuwa joto la mgongo wake, saa ile anapokuwa ameamka lakini hajataka kuinuka.

"Msikate," nikasema.

Miwani hakubishana. "Sawa, baba. Haki ni yako. Tutaendelea kukilisha. Lakini nikwambie ukweli?"

"Sema."

"Hakitakaa hivi. Seli shina tunazishawishi ziwe gegedu, lakini zikiachwa muda mrefu zinaendelea mbele. Zinaanza kuwa ngumu, zinaelekea kuwa mfupa. Siwezi kukuwekea kikabaki vilevile."

Nilisikia, lakini sikutaka kusikia.

Chakula kinabadilishwa kila siku ya tatu. Basi kila siku ya tatu nikapanda zile ngazi. Walinipa stuli. Miwani anatoa kisahani, anakiweka ndani ya kibanda cha kioo kinachopuliza upepo safi, ananyonya maji ya zamani kwa mrija na kuweka mapya, taratibu, kupitia ukingoni. Namwuliza kama kimekula vizuri.

"Kimekula, baba. Ona maji yalivyogeuka njano. Hiyo ndiyo dalili."

Nilifurahi. Nyumbani nilimwambia binti kwamba mama yake amekula. Akaacha kijiko hewani.

"Baba, umesemaje?"

"Nimesema kile kipande."

"Sivyo ulivyosema."

Asubuhi iliyofuata nilipima bonde. Vidole viwili kasoro.

Mara ya nne nilipokwenda, nilivaa shati alilolipenda yeye. Najua inavyosikika. Nilipofika, kabla ya Miwani kuwasha taa ya kibanda, nikainama karibu na kioo.

"Umeamkaje?" nikasema.

Miwani alijifanya anatafuta miwani yake. Ilikuwa kichwani. Aliposhusha mikono, macho yalikuwa mekundu.

"Baba, njoo nikuonyeshe kitu," akasema.

Akatoa kisahani kingine, cha mtu mwingine kabisa, nisiyemjua. Kilipitiwa na siku zake kwa sababu fundi wa mashine yao ya kukatia alisafiri. Kisha kikasahaulika. Kipande kilichokuwemo kilikuwa cheupe kama chaki, hakikung'aa. Akanipa glavu.

"Kibonyeze. Hiki tunakitupa."

Nilikiweka kati ya dole gumba na kidole. Mimi mikono yangu inajua. Ukinipa sponji nimefumba macho, nitakwambia umri wake. Hiki hakikubonyea. Kulikuwa na punje ndani, kama mchanga, na pembeni kikamegeka.

"Kilikuwa gegedu?"

"Kilikuwa. Kizuri sana."

Nimewahi kuitwa na familia moja kufungua magodoro yaliyowekwa stoo miaka kumi. Mapya, hayajatolewa nailoni, yalikuwa yanatunzwa kwa ajili ya mtu aliyesafiri na hakurudi. Nilipokata nailoni, sponji ikanimwagikia miguuni kama unga wa mahindi. Hayakuwahi kulaliwa hata siku moja. Yule mama mwenye nyumba alisimama mlangoni ameshika ufagio, hajui aanzie wapi kufagia.

Nilivua glavu.

"Na hiki chake?"

"Bado ni laini. Nimekitazama juzi kwa hadubini. Lakini wiki ijayo siwezi kukuahidi."

"Mkikata mtaona nini?"

"Kama seli zilifika katikati. Hilo tu, baba. Za wazee wenzake watano waliotangulia ziliishia ukingoni. Kila mtu hapa anataka kujua za Mama Suuza zilifika wapi. Mkuu ananiuliza kila asubuhi, halafu anasema, usimsumbue mzee."

Nilirudi nyumbani. Binti alikuwa anaosha vyombo. Nikasimama nyuma yake nikamhesabia. Mara mbili tu, akaweka kwenye kichanja cha sahani.

"Suuza tena," nikasema.

Akageuka, mikono inachuruzika. Nadhani alikuwa ameyaweka moyoni siku nyingi.

"Baba, mama angekuwa hapa unajua angekwambiaje? Angekwambia, wewe Sponji, sasa unanifyonza hata mimi?"

Alisema kwa sauti ileile. Kuvuta neno la mwisho, kuweka mkono kiunoni. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kucheka kulipokwisha kukaja kile kingine, na binti akanishika kichwa kwa mikono yake ya sabuni.

Asubuhi niliamka mapema. Nilichukua ubao nipime. Nikausimamisha ukutani bila kuulaza, nikaenda kupiga simu.

"Kateni," nikamwambia Miwani. "Ila niwepo."

*

Binti alinisindikiza. Maabara nzima walikuwa wamesimama, hata mkuu. Alinisalimia kwa sauti yake kavu akaniambia, "Pole, mzee. Alikuwa msuuzaji wa kwanza hapa ambaye sikuhitaji kumkagua." Kwa mtu yule hayo ni maneno mengi.

Kabla ya kukata wanabonyeza. Kuna mashine ina kidole cha chuma, chembamba. Kinashuka juu ya kipande, kinakikandamiza kidogo sana, kisha kinaachia, na kioo cha kompyuta kinachora mstari kuonyesha kama kipande kimerudi.

Kidole kilishuka. Kikabonyeza. Kikaachia.

Mstari ulikaa chini.

Mimi nilitazama kile kifungo, si mstari. Nimeona kazi hiyo miaka arobaini. Kurudi kwa sponji nzuri hakuna haraka.

"Subirini," nikasema.

Kikaanza kuinuka. Pole pole, kama mtu anayejinyoosha. Mstari ukapanda, ukapanda, ukatulia karibu na ulipoanzia.

"Kimerudi," Miwani akasema, akashika kinywa.

"Kirudi tu," nikasema. Wakacheka wote. Hawakujua nilikuwa naongea na godoro la nyumbani.

Wakakipeleka kukatwa. Sikuangalia hapo. Niliangalia dirishani. Nje kulikuwa na mtu anapaka rangi ukuta wa uwanja.

Siku nne baadaye walinipigia niende kuona. Vipande vinakatwa vyembamba kuliko karatasi, vinapakwa rangi ambayo inashika palipo na gegedu tu. Palipo na gegedu panakuwa pekundu. Palipo tupu panabaki peupe. Miwani akanikalisha mbele ya hadubini, akanirekebishia.

Kwanza sikuona kitu, ila kope zangu. Kisha nikaona.

Nyekundu. Kama anga saa ya kuzama jua, hivyo ndivyo ningesema, lakini haikuwa hivyo hasa. Ilikuwa nyekundu ya kitambaa kipya. Na ndani yake vyumba vidogo vidogo, vya mviringo, na ndani ya kila chumba seli moja imekaa peke yake.

"Sogeza katikati," nikasema.

Akasogeza. Wekundu ulipungua kidogo, ukawa hafifu. Haukuisha. Vyumba vilikuwepo, mbalimbali kidogo, kila kimoja na mwenyewe ndani.

"Zimefika?"

"Zimefika, baba. Ndizo za kwanza."

Nilikaa pale muda mrefu. Hawakuniharakisha. Nilitafuta kitu ambacho ningekijua, mkia wa saba, sijui nini. Hakikuwepo. Alikuwa amefika katikati na mimi sikuweza kumtambua.

Nilipoinuka nikaomba kile kisahani.

"Unataka kukichukua, baba?" Miwani akauliza. "Chukua, mkuu hatakataa."

"Si ni cha kuoshwa?"

"Ndiyo. Ni cha kioo, kinarudi kazini."

"Basi nitakiosha."

Sinki yake iko mwisho wa korido. Stuli yake ilikuwepo bado, mto juu yake nilishona mimi. Nikakaa. Niliosha kwa ile sabuni yao isiyonuka. Kisha nikaanza kusuuza, kisahani na kifuniko chake. Wino wa lebo ulianza kutoka mara ya pili. Mara ya tatu, ile saba ikaondoka, mkia ukawa wa mwisho. Nikaendelea. Ya tano. Hapo mikono ikasimama yenyewe, maji yanatiririka.

Ya sita. Ya saba nikatumia maji yaliyochujwa.

Nikakiinua kwenye mwanga. Hakikuwa na kitu. Nikakipanga na vingine, na nilipogeuka na kutazama tena sikujua ni kipi.

Niliaga. Binti alikuwa amebaki nyumbani siku hiyo, kwa hiyo nilikuwa peke yangu kwenye ngazi. Magoti yangu mimi ni mazima, namshukuru Mungu. Nilishuka ngazi mbili tatu kama watu wote. Kisha nikasimama. Nikageuka, nikashika chuma kwa mikono miwili, nikatanguliza vidole vya mguu.

Miaka tisa nilidhani alikuwa anatazama ukuta. Kumbe ukishuka vile unaona mlango wa mahali ulipotoka, nao unakwenda juu, unakuwa mdogo, mpaka ngazi zinaukata.

Nyuma yangu, chini, nikasikia viatu.

"Shikamoo, mzee. Vipi, umepotea?"

Kiatu kililia upande mmoja.

"Marahaba, fundi umeme," nikasema bila kugeuka. "Sijapotea. Kwetu tunashuka hivi."